Mkongo, kwa Ukoo wa Kunde

Soko la Kibiti lina utaratibu wake wa kupanga magunia: maharage mbele, mengine nyuma. Muuzaji niliyemkuta asubuhi ile ya Juni alikuwa na maharage ya aina nne, na kila aina aliijua kwa rangi yake au kwa mkoa ilikotoka: ya njano ya Kigoma, mekundu ya Mbeya, ya madoadoa, na meupe. Akayachota kwa kisado, akayamwaga tena gunia­ni ili niyasikie yanavyolia, maana haragwe lililokauka vizuri hulia kama kokoto. Nikamuuliza ya Rufiji yako wapi. Akaelekeza kidevu nyuma ya gunia la mwisho, penye ndoo mbili zilizofunikwa kwa ungo.

"Ya huku si maharage, dada. Ya huku ni kunde na mbaazi. Nenda Mkongo ukazione zenyewe."

Ndiko nilikokuwa nikielekea. Wasafiri wengi huijua Kibiti kwa dirisha la basi. Ni kama kilomita 140 kutoka Dar es Salaam, mahali pa kununua korosho na kunyoosha miguu kabla ya kuendelea Lindi na Mtwara kupitia Daraja la Mkapa, ambalo lilifunguliwa mwaka 2003 na kukomesha enzi ya kulala kando ya mto mkisubiri pantoni la Ndundu. Mimi niliacha barabara kuu, nikapanda bodaboda, nikashika njia ya magharibi, ile iendayo Mloka kwenye lango la Hifadhi ya Taifa Nyerere. Watalii hupita humo wamefunga vioo, wanawahi tembo. Hawajui wanachokipita. Katika vijiji vya njiani, mbele ya kila nyumba, palikuwa na turubai au mkeka uliotandazwa, na juu yake maganda makavu ya kunde yakisubiri kupurwa. Jua likipanda, maganda hayo huanza kupasuka yenyewe, moja moja, kwa mlio mdogo mkavu. Dereva alipozima pikipiki tukanywe maji, niliusikia mlio huo pande zote.

Mkongo umekaa juu, kwenye ardhi iliyoinuka ya upande wa kaskazini wa mto. Ng'ambo ni Utete, makao makuu ya Wilaya ya Rufiji, na kati yao ni bonde pana ambalo mto Rufiji umelijaza udongo wake kwa karne nyingi. Na mkongo, kabla ya yote, ni mti. Mafundi seremala wanaujua kwa mbao yake ngumu yenye wekundu wa hudhurungi. Kenya wanauita mbambakofi, na milango mingi ya kale ya pwani ilichongwa kwa mbao hiyo. Lakini nataka kusema juu ya tunda lake, ambalo mafundi hawalitazami. Ni ganda pana, nene, gumu kama ubao. Likipasuka, ndani mna mbegu nyeusi, kila moja imelazwa kwenye kitanda chake cheupe na kuvishwa kofia nyekundu. Haziliwi. Watoto huziokota wakachezea. Nililishika ganda moja mkononi nikaona mara moja ni la ukoo gani: ni ganda la kunde lililokuzwa na jitu.

Macho hayakunidanganya. Wataalamu wa mimea wanauweka mkongo katika jamii ya mikunde, pamoja na mninga, mpingo na hata mkwaju. Hilo jina, jamii ya mikunde, nimelisikia tangu darasa la kilimo shuleni bila kulifikiria. Kiswahili kilipotafuta jina la ukoo mzima, kuanzia choroko hadi mpingo, hakikwenda kwa haragwe, ambalo leo ndilo mfalme wa sahani zetu za mjini. Kilikwenda kwa kunde. Jina hilo lina historia ndani yake. Haragwe ni mgeni: asili yake ni bara la Amerika, na lilifika kwetu baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari. Kunde ni mwenyeji. Waafrika ndio waliomtoa porini na kumfuga. Na katika joto la bonde la Rufiji mgeni hastawi. Usiku wa pwani ukiwa na joto, maua ya maharage hupukutika kabla ya kufunga tunda. Kwa hiyo maharage huja Mkongo kwa lori kutoka nyanda za juu, yakasafiri mamia ya kilomita, na kunde zipo hapo mlangoni.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi wa makamo ya mwisho, mwenye wajukuu watatu na jiko la mafiga nyuma ya nyumba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekula, akaniambia nikalale mapema maana mbaazi haimngoji mtu ikiiva, mtu ndiye huingoja kabla haijaiva.

Alikuwa ameziloweka tangu jioni. Alfajiri nilimkuta amekwisha kuzibandika, kwa kuni mbili tu za matawi ya mbaazi yenyewe, yaliyokauka mwaka jana. Mmea umejipika wenyewe. Zilichemka bila chumvi. Chumvi na kitu chochote kichachu, alisema, ni vya mwisho. Ukivitanguliza mbaazi hukaidi. Magadi hakutaka kuyasikia: hulainisha upesi, lakini huacha ladha ya sabuni na kuua rangi. Nazi mbili alizikuna juu ya mbuzi, akakamua kwa kifumbu. Tui la kwanza, zito, akaliweka kando. Akaongeza maji, akakamua la pili, jepesi, na hilo ndilo lililoingia kwanza chunguni pamoja na kitunguu, bizari na pilipili mbichi moja nzima, ambayo huachwa ielee bila kupasuliwa. Tui zito lilikuja mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na hapo mwiko haukupumzika, maana tui likiachwa lichemke peke yake hukatika.

Kando, mjukuu mkubwa alikuwa anageuza vitumbua kwenye karai, vya mchele wa Rufiji, mchele wa bondeni. Tulikula mkekani. Mombasa na Lamu wangekula mbaazi hizi kwa mahamri, na nimekula hivyo nikafurahi. Lakini kitumbua cha Mkongo kina mchele uliomea katika udongo uleule ulioiotesha mbaazi, na tui linapopenya kwenye vitundu vyake vidogo, mdomo unaelewa kitu ambacho siwezi kukieleza vizuri zaidi ya kusema kwamba vyakula viwili vilifahamiana.

Nilimuuliza bibi kama huwa anaziuza mbaazi zake. Huuza kidogo, akasema, na hufikiri sana kabla ya kuuza. Kusini kote wanakumbuka mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake. Wakulima wengi wa Lindi na Mtwara walikuwa wamelima kwa ajili ya soko hilo. Bei ikaanguka, magunia yakarundikana majumbani. Katika jiko kama hili niliona kwa nini zao hili halikuachwa. Mbaazi ilikuwa chakula kabla haijawa biashara. Jirani aliyekuwa amekuja kuomba moto alilalamika kwamba zake mwaka huu zimezaa kidogo kwa sababu ya jua, na bibi akamtazama tu, akasema: "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Jirani akacheka, akakiri kwamba alichelewa kupalilia.

Baada ya chai tukashuka bondeni. Ni mwendo mrefu, na katika mwendo huo ndimo ilimo historia ya Mkongo na vijiji vya upande huu. Zamani watu walikaa humo humo bondeni, karibu na mashamba. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji na kuwahamishia watu kwenye vijiji vya juu, penye shule, zahanati na visima. Nyumba zikapanda, mashamba yakabaki chini. Tangu hapo mkulima wa hapa ana makazi mawili: nyumba ya kijijini, na dungu la shambani. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye ngazi, ambamo familia huhamia kwa miezi wakati mpunga unapochanua, kuulinda dhidi ya ndege, nguruwe, nyani na kiboko. Si kazi ya mzaha. Mwaka 2004 ndipo alipouawa simba aliyekuwa amewala watu wasiopungua thelathini katika vijiji vya Rufiji, na wapo wanaokumbuka walivyokuwa wakihesabu watoto kabla ya kupandisha ngazi.

Njiani bibi alinishika mkono ghafla akanivuta. Kando ya njia palikuwa na mmea wa kutambaa wenye maganda ya manyoya ya dhahabu, mazuri ya kutazama. Upupu. Ukigusa utajikuna hadi kesho. "Na huyu naye ni ndugu yao," akasema, akitaja ukoo kwa sauti ya mtu anayemtaja binamu mkorofi ambaye hawezi kukanwa.

Kisha bonde likafunguka. Sijui kama nimewahi kuona ardhi iliyonifanya ninyamaze kama ile. Maji ya masika yalikuwa yanarudi mtoni, na kila yalipoondoka yaliacha udongo mweusi, laini, uliopasuka vipande vipande kama mkate uliokatwa, wenye unyevu chini ya ganda. Wakulima wa Rufiji wana jina la kilimo kinachofuata maji hayo: mlao. Mtu haingoji mvua. Anayafuata maji yanavyorudi, akipanda nyuma yake hatua kwa hatua, mahindi, maboga, na kunde. Unyevu uliobaki ardhini ndio utakaoilea mbegu hadi kuvuna, miezi ya kiangazi ambapo kwingineko mashamba yamelala. Kwa hiyo hapa kunde zina majira zaidi ya moja. Bibi alizitaja kwa majira yake kabla ya kuzitaja kwa rangi: za vuli, za masika, za mlao. Za masika majani yake ni mengi. Za mlao punje yake ni nzito na huiva pamoja, kwa kuwa hakuna mvua ya kuzichanganya. Nilipomuuliza zipi tamu, alijibu bila kusita, za mlao. Nikaonjeshwa baadaye, na ninakubaliana naye.

Sitaki kulichora bonde hili kama pepo. Maji yanayoleta udongo ndiyo yanayochukua. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na watu walipoteza mazao yaliyokuwa yanakaribia kuvunwa. Huko juu, tangu Desemba 2022, mto umekingwa na Bwawa la Julius Nyerere, lenye mtambo wa megawati 2,115. Nchi inahitaji umeme huo, na taa niliyoiona ikiwaka dukani Mkongo ni ushahidi. Ila wakulima wa mlao wana swali lao, na ni swali la haki: udongo ule mweusi unaosafiri na maji, ukizuiwa nyuma ya ukuta, bonde litalishwa na nini? Yeyote anayepanga kufungulia na kufunga maji ya mto huu angepaswa kukaa kwenye dungu walau msimu mmoja.

Kuhusu kunde ningeweza kuandika kitabu. Mmea mmoja una milo mitatu. Majani machanga huchumwa wiki chache baada ya kuota, yakapikwa kwa tui na karanga au yakaanikwa kuwa mboga ya kiangazi. Maganda mabichi huvunjwa vipande na kupikwa na perege wa mtoni. Kisha punje kavu, na hapo ndipo rangi zinapoanza: nyeupe yenye jicho jeusi, nyekundu, ya udongo, nyeusi tii. Nyeupe bibi huitunza kwa bagia. Huiloweka, akaifikicha ndani ya maji hadi maganda yaelee, akayamwaga, akasaga punje tupu kwa jiwe pamoja na kitunguu na pilipili, akadondosha vijiko kwenye mafuta. Bagia ya kunde ni nyepesi kuliko ya dengu na haikabi koo. Nyekundu ni ya wali: wali wa kunde, ambao hushibisha na kubaki mtamu hata ukilala. Za rangi mchanganyiko huingia kwenye makande pamoja na mahindi yaliyotwangwa, chakula ambacho Zanzibar wanakiita pure na wenzetu wa Kenya bara githeri. Mwezi wa Ramadhani, zote huwa sawa: kunde za nazi hazikosi kwenye futari, pembeni ya muhogo na magimbi.

Nilipochungulia chungu cha kunde nyekundu kikichemka, niliona maji yamegeuka rangi ya kahawia yenye joto, na hapo ndipo nilipoelewa kwa macho msemo nilioutumia maisha yangu yote. Tunasema mtu ana rangi ya maji ya kunde. Ni sifa, tena sifa ya mapenzi. Mwanamke aliyemtazama mwanawe kisha akatazama chungu chake ndiye aliyeutunga, nina hakika moyoni.

Watafiti pia wanazipenda kunde. Kituo cha Ilonga, Kilosa, kimetoa mbegu za kunde zenye majina ambayo ningempa mtoto: Tumaini, Fahari, na nyingine ikaitwa Vuli 1 kwa sababu huwahi kuiva kwenye mvua fupi. Bibi ana Fahari kwenye mstari mmoja, lakini mbegu zake za kale hajaziacha. Huzihifadhi katika chupa za plastiki zilizojazwa majivu hadi mdomoni, kifuniko kimekazwa, ili fukusi akose pa kupumulia. Mifuko ya kinga njaa inayouzwa siku hizi hufanya kazi kwa akili hiyohiyo ya kunyima wadudu hewa.

Choroko nazo zipo, na sifa yake ni haraka: haziloweshwi, moto kidogo tu zimeiva, na zikichanganywa na mchele ni mseto, chakula cha mgonjwa na cha mtu aliyerudi shambani amechoka. Ukivuka Namanga uziite ndengu, la sivyo utaletewa kitu kingine; dengu ya Tanzania si ndengu ya Kenya. Fiwi, zile bapa, nilizikuta kwenye ua mmoja tu, zikipanda juu ya mwembe. Bibi huzichemsha, akamwaga maji ya kwanza, akaanza upya.

Njugu mawe zilinishangaza. Mmea wake huficha maganda chini ya udongo, kama karanga, na punje ikikauka kweli inakuwa jiwe. Zikiwa mbichi huchemshwa na maganda yake kwa chumvi, zikaliwa kwa kubanwa kwa vidole, na wakati wa mavuno watoto wa Mkongo hutembea mifuko imevimba. Ilichukua karibu mchana mzima kuzipika zile kavu. Bibi aliniambia nisiifunue sufuria. Ladha yake iko kati ya karanga na yai, nzito, na hukaa tumboni hadi usiku wa manane.

Jioni wazee walikaa chini ya mwembe wakicheza bao. Nilichuchumaa kutazama. Ubao ulikuwa wa mninga, na kete, sitini na nne, zilikuwa komwe za kijivu zilizosuguliwa na vidole vya miaka mingi hadi zikang'aa. Komwe ni mbegu za mkomwe, na mkomwe nao ni jamii ya mikunde. Nikawaza: mbegu za ukoo huu zinachezwa juu ya mti wa ukoo huu, katika kijiji chenye jina la mti wa ukoo huu, na nyuma yao mama mmoja anapeta kunde kwenye ungo. Nilimwambia mzee aliyekuwa karibu nami. Akaendelea kutakata hadi kete yake ya mwisho ikalala, kisha akasema kwamba babu yake naye alikuwa akisema komwe ni kunde isiyotaka kuiva.

Siku ya kuondoka nilimwomba bibi tushuke bondeni mara moja tena. Maji yalikuwa yamerudi nyuma hatua kama ishirini tangu siku ya kwanza, na ukanda mpya mweusi ulikuwa unangoja. Alinipa jembe dogo na kikombe cha kunde za mlao zenye vumbi la majivu. Yeye alitangulia akichimba mashimo kwa kipigo kimoja, mimi nikafuata: punje tatu kila shimo, kisha kufukia kwa kisigino, si kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala. Alikuwa akigeuka kila baada ya mashimo kumi kukagua. Mara mbili alinifukulia, akanionyesha nimezizamisha mno.

Juu, kwenye ukingo, dereva wa bodaboda alipiga honi. Basi la Kibiti lilikuwa la saa nane. Nikanyooka, nikapangusa mikono, nikamwambia bibi nadhani wakati umefika.

Akatazama mstari, akatazama kikombe changu kilichobaki nusu.

"Mwambie angoje," akasema. "Udongo huu kesho utakuwa umekauka."

Nikapiga kelele dereva angoje, nikainama, nikahesabu punje tatu.